Je, wajua Windows hufunguaje faili lililo kwenye diski ya Linux ambayo Windows haiwezi kuisoma?

Chomoa diski ya kompyuta ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo), uichomeke kwenye Windows. Mara nyingi Windows itakuuliza kama unataka kuifomati, kwa sababu mpangilio wa ext4, unaotumiwa na Linux nyingi, haiufahamu. (Usikubali! Utapoteza kila kitu.) Irudishe diski mahali pake, unganisha kompyuta zote mbili kwenye rauta moja, na Linux ikishaandaliwa kushiriki folda yake, Windows ileile inafungua faili lilelile bila shida. Imekuwaje?

Windows haiigusi diski hata kidogo. Inatuma ombi tu: nipe faili fulani, kuanzia baiti hii, kiasi hiki. Linux inasoma diski yake yenyewe, kwa namna yake, kisha inarudisha jibu. Mteja wa dukani haingii stoo wala hana haja ya kujua magunia yamepangwaje. Mradi anaelewana na muuzaji.

Lugha ya maelewano hayo ni SMB, iliyobuniwa IBM mwaka 1983 na Barry Feigenbaum, kisha Microsoft wakaichukua na kuipanua. Linux iliijuaje? Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Mwishoni mwa 1991 Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alitaka kompyuta yake ya DOS (mfumo wa kabla ya Windows) ifikie mafaili yaliyokuwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, ya mfumo wa Unix. Akaandika programu ya kunasa pakiti, yaani vipande vya data, zinazopita mtandaoni, akawa anatazama: ombi hili linajibiwa hivi, lile vile. Alijifunza kama mtoto ajifunzavyo kusema, kwa kusikiliza wakubwa wakizungumza, hadi akaunda seva yake mwenyewe. Karibu miaka miwili baadaye aliirudia kazi hiyo ili kuunganisha Windows ya mkewe na Linux yake.

Programu hiyo ya seva ndiyo Samba. Jina alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno iliyomo ndani ya kompyuta neno lenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Maelezo kamili ya lugha yenyewe yalikuja kupatikana Desemba 2007, baada ya kesi ndefu ya Umoja wa Ulaya dhidi ya Microsoft, kwa malipo ya euro 10,000. Kabla ya hapo, miaka 16 ya kazi ilijengwa zaidi kwa kusikiliza na kujaribu. Naistahi sana subira hiyo.

Kuna jambo moja linalowakwamisha wengi: folda inaonekana, lakini nenosiri linakataliwa ingawa ni sahihi. Linux huhifadhi nenosiri kwa fumbo lake, na Windows huthibitisha kwa fumbo jingine. Hakuna njia ya kugeuza moja kuwa lingine. Kwa hiyo Samba hutunza daftari lake la manenosiri. Mwandikishe mtumiaji kwenye kompyuta ya Linux kwa amri ya smbpasswd -a ikifuatiwa na jina lake, kwa mamlaka ya msimamizi, na folda itafunguka.