Mkono wenye haraka

Mwalimu aliyenifundisha kulichoma yai sindano chini ya hadubini, ili kuingiza mbegu ya kiume ndani yake, alikaa nyuma yangu kimya asubuhi nzima, akanitazama nikiharibu mayai sita ya ng'ombe, kisha akasema: "Mkono wako una haraka kuliko macho yako." Wakati huo nilikuwa daktari bingwa tayari. Nilikuwa nimezalisha wanawake kwa mamia na nimefanya upasuaji ambao kuchelewa dakika tano kungeua mama na mtoto. Kuambiwa maneno yale mbele ya vijana wa maabara kuliniuma. Lakini alikuwa amenisoma sawasawa. Wodi ya wazazi hufundisha mkono uwahi. Tiba ya ugumba inautaka utulie, na mimi nilitumia nusu ya kazi yangu kuhama kutoka kule kuja huku.

Yai la binadamu lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwenye macho makali analiona kama chembe ya vumbi. Chini ya hadubini linakuwa mwezi mpevu. Kushoto kwake mrija wa kioo unalishika kwa kulinyonya taratibu. Kulia inakuja sindano yenye tundu la maikromita tano hivi, ndani yake mbegu moja ya kiume iliyokwisha kukandamizwa mkia kwenye kisahani ili isitapetape. Tunaligeuza yai hadi kile kichembe lilichokibandua wakati wa kukomaa kikae juu kabisa au chini kabisa, kwa kuwa nyuzi zinazoshika kromosomu huwa karibu nacho na sindano isipite hapo. Halafu unasukuma. Hapa ndipo wageni wanapoumbuka. Utando wa yai haupasuki upesi. Unabonyea na kuifuata sindano ndani, kama puto linapobonyezwa kwa kidole. Mtu wa haraka anadhani ameshaingia, anaachia mbegu, kumbe bado yuko nje. Inabidi kuvuta kidogo sana, kusubiri utando uachie, ndipo mbegu iwekwe. Ni sekunde chache, ila ukiwa pale zinakuwa ndefu.

Cha kuchekesha ni kwamba njia yenyewe ilianza kwa kuteleza. Huko Brussels, Ubelgiji, daktari Gianpiero Palermo alikuwa akijaribu kuweka mbegu chini ya ganda la yai tu, bila kuligusa yai lenyewe. Sindano ikapitiliza, na yai likatungishwa. Mwaka 1992 habari za mimba za kwanza za namna hiyo zilichapishwa, na wanaume wenye mbegu za kuhesabika wakapata mlango. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki, kisha nawaonya wasiteleze.

Kwa asili, lakini, fani hii imejengwa na watu waliojua kungoja. Mwanasayansi Mwingereza Robert Edwards alipoanza kukomaza mayai ya binadamu maabara, maandishi ya miaka ya 1930 yalisema yai hukomaa kwa saa 12. Alitazama kwenye saa 12, hakuna kitu. Mayai yenyewe aliyapata kwa shida, kutoka vipande vya ovari vilivyokatwa kwenye upasuaji, na mtu mwingine angeamua kwamba ya binadamu hayakomai nje ya mwili. Yeye akayaacha zaidi. Ikaonekana kwamba yanahitaji saa 36 hivi. Kosa lote lilikuwa kuchungulia mapema!

Zile saa 36 ndizo ninazoishi nazo hadi leo. Mgonjwa akishachoma sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, saa yake inaandikwa ubaoni, na mayai huvutwa saa 34 hadi 36 baadaye. Nimeshapigiwa simu usiku na mama aliyekuwa akilia kwa sababu amechelewa dakika ishirini. Dakika ishirini si kitu, nikamwambia alale. Kuwahi kuchoma kwa saa nne ndiko kunakonitisha, maana tukiingia tutakuta vifuko vinavyobeba mayai vimeshapasuka na mayai yameshaenda zake.

Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, alizaliwa Julai 25, 1978 huko Oldham, Uingereza. Wengi hawajui kwamba alitokana na yai moja tu, la mzunguko wa kawaida, bila dawa za kuchochea ovari. Wala hawamjui Jean Purdy, muuguzi aliyeendesha maabara pamoja na Edwards na daktari Patrick Steptoe. Purdy alifariki mwaka 1985, Steptoe mwaka 1988. Nobel ilimfikia Edwards peke yake mwaka 2010, na tuzo hiyo haipewi marehemu. Kila ninapoona mtaalamu wa maabara yetu akifungua inkubeta, kisanduku cha joto kinachotunza mayai yaliyotungishwa, alfajiri kabla madaktari hatujafika, namkumbuka Purdy.

Chumba cha kuonea wagonjwa nacho kina haraka yake. Wanaingia wawili. Mke ameshika faili nene: vipimo vya homoni, picha ya mirija, ultrasaundi nne, mpaka amefanyiwa upasuaji wa kuchungulia tumbo. Namuuliza mume amepima nini. Kimya. Mke anajibu kwa niaba yake: "Yeye hana tatizo, daktari." Nani kasema? Hakuna aliyesema. Miaka mitatu watu wamemchokonoa mwanamke, na kipimo rahisi kuliko vyote, cha manii kwenye kikopo, hakijafanyika. Hili linanikera kuliko jambo lolote katika kazi hii, na lawama kubwa ni yetu madaktari, si yao. Shirika la Afya Duniani linataja mbegu milioni 16 kwa mililita kama kiwango cha chini cha rejea, lakini hata hapo sipaparikii karatasi moja. Mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa, kisha husafiri na kukomaa. Mwanaume aliyepata homa kali mwezi uliopita atanipa majibu ya ile homa. Namwambia arudi baada ya miezi mitatu, na uso wa mke unaniambia kwamba miezi mitatu ni milele. Kama ana miaka 39 sibishani naye. Yai halina subira ya mbegu, na mambo mengine tunayaanza huku tukingoja.

Sasa nikiri kosa langu. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti mdogo uliodokeza kwamba ukimkwangua mwanamke kidogo ukuta wa mji wa mimba kabla ya kupandikiza kiinitete, yaani yai lililotungishwa na kuanza kukua, uwezekano wa mimba unapanda sana. Ilielezwa kwamba jeraha dogo huamsha ukuta ukapokea vizuri. Ilikuwa hoja tamu, na ilikuwa kazi ya dakika tano. Nikaanza kukwangua. Niliwakwangua wanawake waliokwisha kushindwa mara mbili tatu, waliokuwa wananiuliza "safari hii tutafanya nini tofauti?" Inauma, na hatukuwapa usingizi. Baadhi walipata mimba, nami nikajihesabia.

Mwaka 2019 yakaja matokeo ya jaribio kubwa: wanawake 1,364 kwenye nchi tano, nusu wamekwanguliwa na nusu hawakuguswa, wakigawanywa kwa bahati nasibu. Waliojifungua walikuwa asilimia 26.1 huku, na asilimia 26.1 kule. Niliisoma ile jedwali nimesimama. Wale wagonjwa wangu waliopata mimba wangeipata hata nisipowagusa, na wale waliokunja ngumi juu ya kitanda changu niliwaumiza bure. Kituo nilichokuwa nacho wakati huo kilichukua muda kukiondoa kipengele hicho kwenye orodha ya huduma, kwa kuwa wagonjwa walikipenda na kilikuwa na mapato. Hilo nilisema kwenye kikao, na sikupendwa.

Tangu hapo nimeingia kwenye utafiti kwa moyo mwingine. Zamani niliandika tafiti ili nithibitishe nilichokwisha kuamini. Siku hizi swali la kwanza ninalomuuliza mwanafunzi ni hili: wale usiowafanyia kitu watakuwa nani, na umewachaguaje? Wengi hawana jibu, na wanakasirika kama nilivyokasirika mimi nyuma ya hadubini.

Mwaka huu amerudi mama mmoja niliyemkwangua zamani. Nimebadili mambo kadhaa asitambulike. Mwanawe sasa yuko shule, naye anataka wa pili. Alikuwa na viinitete viwili kwenye naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, tangu wakati ule. Aliketi, akaniomba mambo mawili: nimkwangue tena, na niweke vyote viwili mara moja. Nikakataa yote mawili. La pili alilielewa upesi, maana mapacha huzaliwa mapema mara nyingi na yeye ana shinikizo la damu. La kwanza hakulikubali.

"Lakini ulinifanyia wewe mwenyewe," alisema, "na nikapata."

Nikamweleza lile jaribio, makundi yale mawili, asilimia zile zinazofanana. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yule mtoto alikuja tu?"

Nikamwambia ndiyo, alikuja tu.

Tulimwekea kiinitete kimoja wiki iliyopita. Mrija uliingia laini, na kwenye skrini tukaona kile kinukta cheupe cha hewa kinachosindikiza kiinitete kikikaa mahali pake. Kipimo cha damu ni Alhamisi. Ameshanipigia mara mbili kuuliza kama anaweza kupima mapema nyumbani, na mara zote mbili nimemwambia asubiri.