Vahini si shemeji wetu

Watu wanaofuatilia tamthilia za Kihindi zilizotiwa sauti ya Kiswahili huniuliza: mbona mawifi wa kule wote wabaya? Mimi kazi yangu ni kufasiri, na Kimarathi, lugha ya miji ya India kama Mumbai, Pune na Kolhapur, ndicho kilichonifundisha kwamba hawakuwa hivyo tangu mwanzo.

Kimarathi kinawatenga wanawake ambao sisi tunawaweka kapu moja. Dada wa mume ni nanand. Mke wa kaka ni vahini. Wake wa ndugu wawili huitana jau. Kwetu mwanamke atawaita karibu wote wifi, na mwanamume atamwita mke wa kaka yake shemeji. Hapo kwenye shemeji ndipo ninapokwama. Shemeji wa Kiswahili amebeba utani, na utani una minong'ono yake: "Shemeji shemeji, na taa unazima." Vahini wa filamu za zamani ni mama. Mwaka 1953 ilitoka Vahinichya Bangdya, yaani "Bangili za Vahini", na Sulochana akacheza mke anayemlea mdogo wa mumewe kama mwana wa kumzaa. Katika hadithi za namna ile, kijana akipenda, siri humfikia vahini kabla ya wazazi. Mapenzi yalipitia mlangoni kwake.

Sasa itazame tamthilia ya Tujhyat Jeev Rangala, iliyoanza 2016. Rana ni mpiga mieleka wa Kolhapur ambaye hakusoma. Anampenda mwalimu Anjali, na anamwita "Pathak bai", Mwalimu Pathak, kwa heshima ya mwanafunzi. Ndani ya nyumba yumo Nandita, mke wa mdogo wake, anayeitwa Vahinisaheb. Hilo "saheb" limetoka kwenye neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi "sahibu", ila kule ni cheo. Nandita anataka mali na sauti ya mwisho nyumbani, na mapenzi ya wawili hao yanamzibia njia. Jina la mlezi limevishwa adui.

Sababu naiona kwenye ratiba. Filamu huisha kwa saa mbili, tamthilia ya kila siku inahitaji kikwazo kinacholala nyumba moja na wapendanao. Kikwazo hicho zamani kilikuwa mavyaa. Char Divas Sasuche ilianza 2001 ikapita vipindi 3,000, na jina lake ni nusu ya methali: siku nne za mavyaa, siku nne za mkamwana. Mavyaa alipochosha, zamu ikamwangukia jau, kama Nandita kwa Anjali. Kinachoniuma ni kwamba huyu jau mbaya mara chache hupewa mapenzi yake mwenyewe. Ana mume, lakini mume wa kutumwa tu.

Halafu 2019 ikaja tamthilia ya Aggabai Sasubai. Asavari ni mjane mtu mzima, anapendana na Abhijit Raje, mpishi, na anayempigania hadi aolewe ni mkamwana wake, Shubhra. Niliangalia vipindi vile nikiwa na kalamu mkononi, nikaishia kuiweka chini. Shubhra anasikiliza siri, anamtia moyo mwenye aibu, anakabiliana na mume wake mwenyewe anayepinga. Ile ni kazi ya vahini wa 1953, imehamia kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo nikifasiri, neno vahini siligusi. Naliacha hivyo hivyo, na mtazamaji baada ya vipindi viwili huwa keshajua ni nani anaitwa.