"Chakula kamili" kwenye kopo la mbwa maana yake nini?

Chakula kamili cha mbwa ni kile ambacho mnyama akipewa hicho peke yake, siku zote, anapata protini, mafuta, madini na vitamini kwa viwango vinavyolingana na umri wake. Utamu na bei havimo katika hesabu hiyo. Kwenye makopo yanayofuata viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama huko Marekani, utakuta kwa herufi ndogo upande wa nyuma maneno complete and balanced, yaani kamili na chenye uwiano, kisha mlengwa: anayekua, mzima, au wa rika zote. Makopo ya Ulaya huandika complete tu. Likiandikwa complementary, au kwamba ni la kupewa mara mojamoja, basi hilo ni kitoweo, si mlo.

Kitoweo chenyewe hakina ubaya. Taabu huanzia kwa mbwa mteuzi. Chukua mbwa wa ulinzi wa nyumba moja pale Raskazone, hapa Tanga, ananusa ugali wa dona na dagaa, anageuza uso, anakwenda kulala getini. Mwenye mbwa anapita dukani, anaokota kopo lenye picha ya minofu kwenye mchuzi, na jioni hiyo sahani inalambwa mpaka inang'aa. Kesho lile lile, na keshokutwa. Kama ndani ni nyama tupu, fosforasi ni tele na kalsiamu ni haba mno, wakati mbwa anahitaji kalsiamu isiyozidiwa na fosforasi. Mbwa mzima atavumilia kwa muda. Mtoto wa mbwa, hasa wa aina kubwa, mifupa yake hudhoofika na anaweza kuanza kuchechemea angali mdogo.

Jina la mbele nalo lisomwe kwa tahadhari. Kwa utaratibu huo wa Marekani, kopo linaloitwa kwa jina la nyama peke yake, bila neno jingine la kulipunguza, nyama hiyo iwe 95% ya viungo ukiondoa maji ya kupikia. Likiitwa "mlo wa kuku" inatosha kuku afike 25%. "Lenye kuku" ni 3%. "Ladha ya kuku" haina kiwango kabisa, mradi ladha isikike. Mbwa hasomi, lakini wewe unalipa.

Usidanganyike na asilimia ya protini pia. Kopo linaloonyesha protini 8% huonekana dhaifu mbele ya mfuko wa chakula kikavu wenye 22%. Ondoa maji kwanza. Kopo lina maji 78%, kwa hiyo kilichobaki ni 22, na 8 ndani ya 22 ni kama 36%. Mfuko una maji 10%, na 22 ndani ya 90 ni kama 24%. Kopo limeshinda.

Kwa hiyo chagua wewe kwanza makopo yaliyo kamili kwa umri wa mbwa wako, halafu ndani ya hayo umwachie yeye achague: lililosagwa likawa laini, la vipande kwenye mchuzi, au la jeli. Mbwa huamua kwa pua zaidi kuliko kwa ulimi, na chakula kilichotoka kwenye friji hakinukii. Koroga na maji ya moto kidogo kipate uvuguvugu. Asipokula kwa dakika ishirini, ondoa. Kwa joto la Tanga kisikae nje mchana kutwa. Kopo lililofunguliwa hamishia kwenye chombo chenye kifuniko, uweke kwenye friji, na limalizike ndani ya siku tatu. Nyumba nyingi za hapa mjini hazitaki vyombo vya mbwa vichangamane na vya watu, basi tenga kijiko na bakuli lake, na usome viungo: baadhi ya makopo yana nguruwe.

Gharama nayo ni jambo. Kopo la gramu 400 lina takriban kalori 400, na mbwa wa kilo 20 hutaka kama 900 au zaidi kwa siku. Wachache wataweza. Njia ya kati ni chakula kikavu kilicho kamili, na juu yake kijiko cha kopo analolipenda. Kopo hilo likiwa si kamili, lisizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Mchuzi wa nyumbani wenye vitunguu usimwagie kabisa. Vitunguu huharibu damu ya mbwa.

Ila mbwa aliyekuwa mlafi akasusa ghafla haitwi mteuzi. Mfunue midomo uone meno na fizi, mkague masikioni na katikati ya vidole kama ana kupe. Fizi zikiwa zimepauka, au akipitisha siku nzima bila kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kununua kopo jingine.