Boriti mbichi, hesabu za Ulaya

Juzi jirani wa Mkomani, hapa Lamu, aliniita nimuangalilie dari ya chumba cha ndani, boriti zimelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo na chokaa inadondoka kitandani, na yeye swali lake moja tu, "Injinia, itatuangukia?" Nikachungulia vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani, manake mchwa na kuoza huanzia hapo, viko sawa. Nikamwambia haianguki, ila imepinda na yaweza kuzidi kidogo. Akaniangalia kama muongo.

Mti ukiubebesha mzigo unapinda siku ileile, alafu unaendelea pole pole kwa miaka hata kama hujaongeza kitu. Eurocode 5, kanuni ya Ulaya ya majengo ya mbao, inasema chukua ulivyopinda siku ya kwanza, ongeza juu yake sehemu fulani kulingana na unyevu. Nyumba kavu, ongeza mara 0.6. Ndani lakini hewa nyevu, kama kwetu pwani, mara 0.8. Nje kwenye mvua, mara 2. Kwahivyo milimita 10 za leo kwa Mjerumani mwenye hita zitaishia 16, kwangu mimi 18, na kwenye gati 30.

Sasa mimi nilipoanza kazi nilikopi mfano kwenye kitabu, nikaipachika ile 0.6 kwa dari moja ya Shela bila kufikiria. Mzee aliyekuwa akizipanga boriti akadunga moja kwa ukucha, pakatoka majimaji, akaniambia, "Mwanangu, mti huu una mai ndani." Nikacheka tu. Baadaye nasoma kanuni vizuri, kumbe imeandikwa kabisa: mti ukipandishwa mbichi ukakaukia juu huku umebeba mzigo, ile namba iongeze 1. Yaani 0.8 inakuwa 1.8 na zile 10 zinaishia 28! Na boriti zetu nyingi ndivyo zinavyopandishwa, kutoka mkokoni hadi jahazini hadi ukutani. Vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba na boriti zimebanana, wale wazee hawakuuachia mti nafasi ndefu ya kujilegeza.

Hizi namba hakuziota mtu mmoja. 1973 baraza la kimataifa la utafiti wa ujenzi, CIB, lilianzisha kundi la mbao likiitwa W18, watafiti wa nchi mbalimbali wanakutana, mtu analeta karatasi yake na wenzake wanaichambua mbele yake. 1983 wakatoa kanuni ya mfano na Eurocode 5 ikaanzia hapo, na tangu 2014 kazi ileile inaendelea kwa jina la INTER. Kwangu mimi faida kubwa ya ushirikiano huu hata sio fomula, ni kukubaliana namna ya kupima. Zamani watu walivunja vijiti vidogo visafi visivyo na fundo, ukitoka hapo ukakisia nguvu ya ubao mzima. Siku hizi unavunja ubao wenyewe na mafundo yake, umelazwa juu ya egemeo mbili, nafasi kati yao mara 18 ya kina chake, mzigo unashuka sehemu mbili, na nguvu unayoandika ni ile ambayo katika vipande 100 vitano tu ndio vitakuwa chini yake. Ukisikia mbao za C24 ndio hiyo, nyutoni 24 kwa milimita ya mraba, na injinia wa nchi nyingine anaelewa bila kukupigia simu.

Sisi tuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Safi, lakini hayo ni madaraja ya unene! Boriti mbili za unene mmoja, moja imenyooka na nyingine ina fundo kubwa tumboni, bei sawa. Kupima boriti ya sentimita 12 kwa utaratibu ule unahitaji nafasi ya sentimita 216, egemeo mbili imara, jeki na kipimo cha mzigo, sio mtambo wa kuagiza meli nzima. Ila uvunje nyingi na uandike kila moja, na hapo ndio watu huchoka.

Kwa jirani nimefunga uzi ukuta hadi ukuta, pengo la katikati ni milimita 31, nimeliandika kwa penseli pale ukutani na tarehe yake. Tutapima tena masika yakiisha, na kitanda nimemwambia akisogeze, kwa sababu ya chokaa.