Je, wajua kwa nini ruta hufa ikizimwa katikati ya kusasishwa?

Ruta inayotumia laini ya simu ni kompyuta ndogo, na programu yake endeshi hukaa katika chipu ya fleshi, yaani kumbukumbu isiyopotea umeme ukizimika. Fleshi ina tabia moja: haikubali kuandikwa upya juu ya maandishi ya zamani. Ni lazima kipande kizima, mara nyingi cha kilobaiti 64 au 128, kifutwe kwanza ndipo kiandikwe. Kwa hiyo kuna kipindi kifupi ambapo programu ya zamani imekwisha kufutwa na mpya haijakamilika. Umeme ukikatika hapo, ruta ikiwashwa hukuta nusu ya programu, taa zake humetameta bila kutulia na ukurasa wa mipangilio haufunguki. Baadhi ya ruta hutengewa nafasi mbili za programu, moja ikiharibika nyingine ishike kazi, lakini si zote zenye bahati hiyo.

Wengi huogopa intaneti kukatika. Kumbe ruta nyingi hupakua faili lote la programu mpya na kulikagua kabla ya kufuta chochote, hivyo mtandao ukipotea wakati wa kupakua, hasara ni bando tu. Cha kuogopwa ni umeme: ruta yenye betri ijazwe chaji na iachwe kwenye chaja.

Hatari ya pili ni faili lisilo lake. Geuza ruta usome kibandiko cha chini, kwani ruta mbili zenye jina na umbo moja, moja ikiandikwa V1 na nyingine V2, zaweza kuwa na chipu tofauti kabisa. Faili litoke kwa mtengenezaji, au kwa kampuni ya simu ikiwa ndiyo iliyotoa ruta, na ukilipakia mwenyewe, tumia kebo badala ya Wi-Fi. Nakili pia mipangilio ya APN, yaani jina la lango ambalo ruta hupitia kuingia intaneti ya kampuni ya simu, maana huenda ikafutika.

Pamoja na hatari hizo, kutosasisha ni kubaya zaidi: mwaka 2018 programu hasidi ya VPNFilter iligunduliwa katika vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta zenye mianya ya usalama iliyokwisha kujulikana.

Kazi ikianza, usiguse kitu. Mstari wa maendeleo ukiganda kwenye asilimia 90 na kitu, huenda ruta inajiwasha upya na kivinjari kimepoteza mawasiliano nayo. Subiri taa zitulie, kisha fungua ukurasa wa mipangilio na usome namba ya toleo.