Asilimia ngapi, kwa kipimo gani?

Nimeulizwa tena, safari hii na daktari mwenzangu: "Hii ablesheni mpya ya mipigo ya umeme inaponya asilimia ngapi?" Ablesheni ni kupitisha katheta, mrija mwembamba, hadi moyoni na kuua seli ili kukata ishara za umeme zinazoanzisha mpapatiko wa atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio; ile ya zamani huua seli kwa joto au baridi. Swali hili limenichosha, kwa sababu asilimia usiyojua ilipimwaje ni namba tupu.

Katika majaribio mengi ya kutibu mpapatiko wa atria kwa katheta, mgonjwa akinaswa na mpapatiko wa sekunde 30 tu baada ya miezi ya mwanzo, anahesabiwa kuwa matibabu yamefeli. Sekunde 30! Aliyekuwa akipapatikwa siku tatu kila wiki, sasa akapata sekunde 40 kwa mwaka mzima, anaandikwa safu moja na ambaye hakupata nafuu yoyote. Sasa geuza. Mpime mwingine ECG, mchoro wa umeme wa moyo, mara nne kwa mwaka. Karatasi zote zinatoka safi, kila pigo limetanguliwa na wimbi lake dogo la P, alama ya atria kupiga sawasawa, nawe unaandika kapona, kumbe juzi usiku moyo ulimwenda mbio saa sita mfululizo. Anayetafuta kidogo huona kidogo, na kifaa chake ndicho kinachosifiwa.

Katika jaribio la ablesheni la CIRCA-DOSE la mwaka 2019, wagonjwa 346 walifuatiliwa kwa kinasa mapigo kilichopandikizwa chini ya ngozi, kinachosikiliza usiku na mchana. Kwa kigezo cha sekunde 30, takriban nusu tu ndio waliofaulu. Lakini mzigo wa mpapatiko, yaani sehemu ya muda ambayo moyo unapapatika, ulishuka kwa zaidi ya asilimia 98. Wagonjwa ni walewale. Mimi mgonjwa wangu namwambia mzigo.

Haya, hiyo mpya. Jaribio la ADVENT, 2023, watu 607: waliofaulu kwa mipigo ya umeme ni asilimia 73.3, kwa joto au baridi 71.3. Jaribio liliundwa kuonyesha kwamba mipigo si duni kuliko joto au baridi, na likaonyesha hivyo. Ubora haukuthibitishwa. Faida yake naiona kwenye muda mfupi mezani na kwenye umio, ambao joto huweza kuutoboa. Nayo ina hatari zake: mishipa inayolisha moyo kubana, na chembe nyekundu kupasuka hadi figo kuelemewa.

Na dawa za kuzuia damu kuganda haziachwi eti kwa kuwa ECG ni safi. Hatari ya kiharusi ndiyo inayoamua.

Kinachoninyima raha ni kitu kidogo. Natoa mipigo, na kwenye skrini ishara ya mshipa wa mapafu, ambako mpapatiko mara nyingi huanzia, inazimika papo hapo. Chumba kizima kinafurahi. Lakini seli iliyokufa na seli iliyozimia kwa muda zinachora mstari uleule mnyoofu, na nikiwa pale mezani sina namna ya uhakika ya kuzitofautisha. Nasubiri dakika kadhaa, napima tena, kisha natoa katheta.