"Nilianguka": rejesta yangu haihesabu wote

Mchungaji mmoja wa kwetu Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alipita kituoni kumuona muumini wake aliyejifungua. Rejesta ilikuwa wazi mezani. Akatupa jicho, akaniuliza: "Mama mkunga, safu hii ya mimba zilizotoka imepungua sana. Mabinti wetu wametubu?"

Nilicheka, nikamvutia kiti.

Safu hiyo naifahamu vizuri. Zamani ilijaa, na ukiisoma ungedhani Bukavu ni mji wa watu wanaoanguka tu. Binti anafika usiku, kikwembe kimelowa damu, homa imepanda, mama yake mdogo amesimama nyuma yake. Ukimuuliza: "Nilianguka nikipanda na bido ya maji." Na vilima vyetu hivi, mvua ikinyesha, watu kweli wanateleza, kwa hiyo utabisha nini? Unaandika kwamba mimba imetoka yenyewe, unatundika seramu, unamshukuru Mungu kwamba hajafika amechelewa.

Kumbe rejesta yangu inawahesabu walioumia peke yao. Tangu misoprostoli ienee (ni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, lakini hutoa mimba pia), duniani kote wanaofika hospitalini na kizazi kilichotobolewa kwa kijiti au kuoza wamepungua. Asiyeumia haji kwangu. Safu inabaki nyeupe, wala haikuambii kama kutoa mimba (kutosha, kama tunavyosema huku) kumepungua au la. Ndiyo maana watafiti wanalazimika kukadiria. Kinshasa, kwa mwaka 2016, walipata utoaji mimba 146,700 hivi, yaani kama 56 kwa kila wanawake 1,000 wenye miaka 15 hadi 49. Hakuna rejesta ya mkunga iliyowahi kuonyesha hesabu ya namna hiyo.

"Basi hakuna mahali ilipopungua kweli?" akauliza. Papo, nikamjibu. Marekani mwaka 1981 kiwango cha utoaji mimba kilikuwa 29.3 kwa kila wanawake 1,000 wa miaka 15 hadi 44. Mwaka 2017 kilikuwa 13.5, kabla ya kuanza kupanda tena. Wengi husema ni kwa sababu majimbo yalibana sheria na kufunga kliniki. Mimi hapo naangalia wodi ya uzazi: kama wanawake wangekuwa wamezuiliwa tu, watoto wangezaliwa wengi zaidi. Lakini katika miaka ya mwisho ya mteremko huo waliozaliwa nao walipungua, na kiwango kilishuka hata kwenye majimbo ambayo hayakuongeza masharti. Mimba zenyewe ndizo zilizopungua. Kule St. Louis, kuanzia 2007, wanawake zaidi ya 9,000 walipewa njia ya uzazi wa mpango bure, kila mmoja achague mwenyewe. Robo tatu walichagua kitanzi au kijiti cha mkononi, na utoaji mimba kati yao haukufika nusu ya kiwango cha nchi.

Romania ndiyo iliyomnyamazisha. Mwaka 1966 dikteta wao Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba, na wanawake wakafa kwa maelfu kwa mikono ya wasiojua kazi. Marufuku ilipoondolewa mwishoni mwa 1989, mwaka uliofuata zilitolewa mimba karibu milioni moja, kwa sababu vidonge na kondomu havikuwepo. Vilipofika, hesabu ikashuka mwaka hadi mwaka, na sheria ikiwa wazi vilevile.

Kwetu Kongo, uchunguzi wa 2013–14 ulikuta wanawake 8 tu kati ya 100 walioolewa wakitumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake unaoruhusu kutoa mimba ya ubakaji au inayohatarisha mama, ilitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali Machi 2018. Katika mkoa wetu, ulioona ubakaji mwingi wa vita, bado nakutana na wauguzi wasiojua kwamba ipo.

Nilimwonyesha mchungaji kijiti. Jadelle ni viwili, vyembamba kama njiti za kiberiti, vinakaa chini ya ngozi ya mkono miaka mitano. Wamama hupenda kuvibonyeza kwa kidole wakihakikisha vimo. Wengine huomba niviweke upande ambao mume haugusi sana, nami siulizi kwa nini. Shida ni kuvipata. Mwaka 2025 msaada wa Marekani ulipokatwa, vifaa vya uzazi wa mpango vya dola milioni 9.7 vilikwama ghalani Ubelgiji, na sehemu yake ilikuwa ya Kongo. Vijiti vikiisha, mama anarudi na kondomu na tarehe ya kujaribu tena, na tarehe hiyo mimba haiingoji.

Alipoinuka aliniomba nije kusema na wamama wa kanisa siku ya Jumapili. Nikamwambia nitakuja, ila wababa nao wabaki ndani.

Akasema atawauliza wazee kwanza.